Ukucha Uliopasua Buni

Sogea hapa kwenye mwanga, wewe unayenisikiliza, unyooshe mkono. Si huo. Huo wa kushoto ni wa kubana nyuzi, kucha zake zikae fupi kabisa. Nataka wa kulia, wa kupigia. Geuza kiganja kikutazame mwenyewe. Unaona ukucha ukichungulia juu ya nyama ya kidole? Ukiona upana wa punje ya ulezi, unatosha. Ukizidi hapo unajitafutia msiba, maana ukucha mrefu hauongezi sauti, unawahi tu kuvunjika.

Kama umevunjika, usione haya. Nimewaona vijana wengi wakificha mkono mfukoni kana kwamba wameiba. Ukucha huota tena. Unaanzia chini kabisa, pale penye kijimwezi cheupe, na unapanda polepole, mwezi hata mwezi, kama mgomba mpya unaotokea ubavuni mwa ule uliokatwa. Wewe kazi yako ni kungoja na kuutunza. Nakwambia hivi kwa utulivu, lakini kulikuwa na wiki moja ambayo sikuwa na utulivu wowote, kwa sababu ukucha ulitaka miezi nami nilikuwa na siku sita.

Ilikuwa wakati wa Mwingereza, miaka ile kahawa ilipopata bei na watu wa kwetu wakaanza kuezeka mabati. Nilikuwa kibarua Maruku, kwenye shamba la majaribio la serikali. Kazi yangu ilikuwa kuchanganya dawa ya mibuni: mrututu, zile chembe za buluu, pamoja na chokaa na maji, halafu kuibeba mgongoni kwa bomba na kuinyunyiza. Chokaa ni adui wa ukucha. Inakausha mafuta yake yote, na ukucha mkavu unabanduka tabaka kwa tabaka kama ganda la mgomba mzee. Kwa hiyo kila asubuhi nilipaka samli kwenye vidole vya kulia, nikavivisha vipande vya jani la mgomba lililobabuliwa motoni, nikafunga kwa uzi.

Nyapara wetu hakuchoka kunicheka. "Jamani, bibi harusi amefika! Mpisheni, msimchafue!"

"Shikamoo, bwana nyapara," nilikuwa namjibu.

"Marahaba. Na hizo kucha ni za nini? Wewe chui?"

Watu walicheka, nami nikacheka, kwa sababu nilijua Jumamosi jioni wao wenyewe wangekuja kwetu kusikiliza. Nilipiga gitaa kwa vidole viwili, kama tulivyopiga wote siku zile: gumba linatembea chini kwenye nyuzi nene, kidole cha shahada kinacheza juu. Nyuzi zilikuwa za chuma. Na aliyeimba alikuwa kaka yangu.

Nikueleze sauti yake? Nimejaribu mara nyingi. Aliianzia kwenye kwaya ya kanisani kwetu, mama akiwa na fahari hadi aliposikia sauti ile ile ikiimba nyimbo za mapenzi kwenye vilabu vya rubisi, pombe yetu ya ndizi. Ilikuwa ya juu, lakini haikuwa nyembamba. Zaidi ya hapo sifiki.

Mwaka huo alianza kukohoa. Mwanzoni tulisema ni vumbi, halafu tukasema ni baridi ya ziwa. Siku alipotema damu kwenye jani la mgomba na kulikunja haraka nisilione, tuliacha kusema. Daktari wa Bukoba alimpima kifua, akaamua apelekwe hospitali Mwanza. Angepanda meli siku ya Jumanne, wiki mbili kutoka siku ile. Hakuna aliyetuambia angekaa huko muda gani.

Katika wiki hizo hizo dereva mmoja wa lori la kahawa alileta habari kwamba lori la kurekodi santuri lilikuwa linakuja kutoka Nairobi. Lingesimama Bukoba mjini siku moja tu, Jumamosi, siku tatu kabla ya meli. Kila kundi lingepewa nafasi ya wimbo mmoja.

Kaka yangu alikuwa amelala kwenye mkeka nilipomwambia. Aliinuka akakaa.

"Wimbo mmoja naweza," alisema. "Mbili sijui. Mmoja naweza."

Wote wawili tulijua kwamba sauti ile ilikuwa inaondoka, na kwamba kulikuwa na siku moja ya kuikamata.

Lakini kabla ya hapo kulikuwa na jambo la uchumba. Kaka alikuwa amemchumbia binti wa Buganguzi, upande wa Muleba, na harusi ilikuwa imepangwa baada ya mavuno. Ilibidi mtu aende kuwaomba wakwe wasubiri. Baba alikwisha kufariki, kaka hakuweza safari, kwa hiyo nilitumwa mimi. Jumapili alfajiri nilipanda lori la mizigo lililotoka Kemondo kwenda Muleba, halafu nikaenda kwa miguu kupitia vibanja, mashamba ya migomba ya watu, hadi kwao.

Mzee mkwe alinipokea vizuri. Alikuwa na nyumba ya msonge, sakafu imetandikwa nyasi mbichi, na mbele yake kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, ile tunayoiita akamwani. Kama hukukulia kwetu, nikueleze: kahawa huchumwa kabla haijaiva sana, ikachemshwa na majani ya harufu, ikaanikwa ikakauka na ganda lake. Mgeni hapewi chai kwanza, hupewa hiyo.

Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

"Umetumwa au umejituma?" aliuliza.

"Nimetumwa, waitu," nilimjibu kwa neno letu la heshima.

"Kwa hiyo aliyekaa hapo mbele yangu ni kaka yako."

"Ndiye, waitu."

"Basi apasue."

Akaniwekea buni moja kiganjani.

Ndani ya ganda la buni mna punje mbili zilizolaliana. Mzee akikupa buni upasue, yeye achukue punje moja na wewe nyingine, mkatafuna pamoja, neno limefungwa. Enzi za babu zetu watu walichanjiana udugu kwa namna hiyo. Hupasui kwa meno, kwa maana huwezi kumpa mkwe kitu kilicholowa mate yako. Huombi kisu, kwa maana kisu hakiingii kati ya wakwe. Unapasua kwa ukucha wa gumba, na mkono unaopasua na kutoa ni wa kulia.

Sasa tazama mkono wangu ulivyokuwa. Kushoto kucha fupi kabisa, kama nilivyokwambia uziweke, na hata kama zingekuwa ndefu, mkono wa kushoto hauelekezwi kwa mzee. Kulia nilikuwa na ukucha mmoja wa gumba, niliousugua na kuupaka samli mwaka mzima. Mbele yangu palikuwa na mzee aliyekubali kumngojea kaka yangu, kama ningepasua buni yake.

Nilibana ukucha kwenye mshono wa ganda. Buni ilikuwa ya msimu uliopita, ngumu kama kokoto. Nilibana tena. Nikasikia milio miwili. Wa kwanza ulikuwa wa ganda.

Nilimpa punje yake kwa mkono wa kulia, nikiwa nimekunja gumba lisionekane. Tulitafuna. Akasema, "Atasubiri. Mwambie kaka yako apone."

Binti mwenyewe alinisindikiza hadi mwisho wa kibanja. Ni yeye aliyeona.

"Shemeji, mbona unashika kidole kama mtoto aliyechomwa na nyuki?"

"Kimejikwaa kidogo."

"Kidole hakijikwai." Kisha akaangalia chini. "Nimesikia ataimba kwenye santuri. Mwambie aimbe polepole, asichoke. Akikawia huko Mwanza mimi nitakuwa naisikiliza hiyo. Mjomba wangu ana gramafoni."

Nilimwambia nitamfikishia.

Njiani nilifungua mkono. Ukucha ulikuwa umepasuka kutoka ncha hadi karibu na nyama, katikati kabisa, na upande mmoja ulikuwa unaning'inia. Hapa sikiliza kwa makini, maana hapa ndipo wengi huharibu, nami niliharibu. Niliuvuta. Niliona kipande kinakwaruza nguo, kinanikera, nikakivuta kwa hasira. Kikatoka na nyama. Kama ningeuacha, nikauloweka maji ya uvuguvugu, nikaukata kwa mkasi mdogo kufuata ufa, ningebaki na nusu ya ukucha. Nusu ingetosha. Nilipofika nyumbani nilikuwa na kijipande cha upande mmoja tu, na gumba lililovimba.

Kaka aliutazama. Alicheka mpaka akakohoa, akakohoa mpaka nikaogopa.

"Nilikutuma uniombee mke," alisema alipopata pumzi, "wewe ukatoa mahari ya kidole!"

"Kaka, Jumamosi nitapiga na nini?"

"Mungu anajua. Amekubali kungoja, lakini? Yule binti?"

"Amekubali."

"Basi sehemu moja ya kazi imekwisha."

Jumatatu nilirudi Maruku. Maji ya mrututu yaliingia kwenye kidonda nikaona nyota mchana. Nyapara alipoliona gumba langu hakutania. Alinipeleka kwenye kitalu nikapalilie miche, akasema tu, "Bojo, pole, kijana, hata chui huvunjika." Huruma yake ilinitisha kuliko dhihaka zake.

Nilijaribu kila kitu. Jumanne nilivunja jino la chanuo la mama, nikalichonga, nikalifunga kwenye gumba kwa uzi. Lilitoa sauti, lakini kila mipigo minne liligeuka upande, nalo gumba haliwezi kutembea huku likitazama njia nyingine. Jumatano nilichonga kipande cha pembe ya ng'ombe. Kilikuwa kizito, kikagonga nyuzi mbili badala ya moja.

Alhamisi mchana kaka alikaa karibu yangu chini ya migomba, akinisikiliza nikihangaika. Akashika mkono wangu.

"Mdogo wangu, ondoa hayo makorokoro. Piga kwa nyama."

"Haisikiki kwa nyama."

"Mimi nasikia."

"Wewe umekaa hapa. Mashine haijakaa hapa. Kwa nyama ni kama mbwa anatembea kwenye majani makavu! Unataka watu wa Nairobi waseme huyu mwimbaji amekosa mpigaji?"

"Una siku mbili. Nyama nayo hufundishika."

"Kaka, gitaa ni langu. Wewe shughulika na sauti."

Akauachia mkono wangu. Nimeyatazama maneno hayo ya kwangu miaka mingi. Nilidhani nalinda wimbo. Nilikuwa nalinda sifa yangu, ya kwamba gumba langu linavuma kuliko magumba yote kutoka Maruku hadi Bukoba. Siku mbili hazingenipa ustadi, lakini zingenipa wimbo mmoja, na tulihitaji wimbo mmoja tu.

Ijumaa nilienda mjini kwa fundi baiskeli, mzee Mwislamu ambaye baba yake alitoka pwani. Kiswahili chake kilikuwa kitamu, sisi wengine tulikipata darasani tu. Nilimwonyesha gumba, nikamwomba anizibe kwa gundi ya viraka.

"Mwanangu, mimi naziba mipira, sizibi waja."

"Tafadhali, mzee. Ni kwa kesho tu."

"Kesho tu, kesho tu. Hata mwenye pancha husema kesho tu." Lakini alikwisha kuvaa miwani. Alikata karatasi ya sigara vipande vyembamba, akapaka gundi, akalaza kipande, akapuliza, akapaka tena, tabaka juu ya tabaka juu ya kile kijipande kilichobaki, mpaka nikawa na ukucha wa kahawia, mgumu, unaonuka mpira. Alinisugulia ncha yake kwa ubavu wa kiberiti, taratibu, akisukuma upande mmoja tu bila kurudisha mkono. Usugue hivyo nawe. Ukienda mbele na nyuma kama msumeno, unalegeza tabaka za ukucha.

"Usitie maji," aliniambia. "Usitoe jasho. Na usimtie mtu kidole cha jicho, utampofusha."

Nilipiga pale pale dukani kwake. Gumba lilivuma. Nilitaka kulia kwa furaha.

Jumamosi lori la kurekodi lilikuwa limesimama nje ya ghala moja mjini, waya zikiingia dirishani. Ndani walikuwa wametundika mablanketi ukutani. Mhindi mmoja aliyevaa vidude masikioni alikaa nyuma ya mashine, na karani wake akatupanga foleni. Tulikuwa watu wengi, wengine wametembea siku mbili. Kaka alikaa chini, akiyaweka maji ya vuguvugu mdomoni bila kuyameza, akitunza koo. Mimi nilitunza gumba. Tulikaa hivyo tangu asubuhi hadi saa tisa, na joto la watu likajaa ghalani.

Zamu yetu ilipofika karani alisema, "Mkono ukishuka, anzeni. Mkikosea, basi. Wengine wanangoja."

Mkono ulishuka. Nikaanza, naye akaingia.

Ubeti wa kwanza ulikuwa ndio uimbaji bora niliowahi kuusikia kwake. Hakukohoa. Watu waliokuwa mlangoni walinyamaza. Hata Mhindi aliinua kichwa. Tulipoingia ubeti wa pili nilihisi gumba limelowa. Gundi ya mpira haipendi jasho. Ukingo wa ukucha ule uliinuka kidogo tu, kama kifuniko cha bahasha, na uzi mnene wa chuma ukaingia chini yake. Mkono wangu ulikuwa unakwenda chini kwa nguvu. Ukucha wa karatasi ulitoka, ukatoka na kile kijipande changu halisi, nami nikapiga ukelele.

Mhindi alivua vidude masikioni.

"Tena," kaka alisema upesi. "Bwana karani, tena, tafadhali. Atapiga kwa nyama." Akanigeukia. "Piga kwa nyama. Polepole. Mimi nitakufuata."

Nilijaribu. Damu iliteleza kwenye nyuzi. Gumba halikujua pa kukaa. Lilizoea kugonga kwa ncha, na nyama inataka kusukuma kwa ubavu, karibu na tundu la gitaa, mkono ukiwa umelala zaidi. Leo naweza kukuonyesha hilo kwa dakika moja. Siku ile sikulijua. Karani alisikiliza kidogo, akamtazama Mhindi, Mhindi akatikisa kichwa.

"Besi haisikiki," karani alisema. Hakusema kwa ubaya.

"Basi niimbe peke yangu," kaka alisema. "Bila gitaa."

Karani alitafsiri. Jibu lilikuja fupi: santuri bila gitaa hainunuliwi.

"Siyo ya kuuza," kaka alisema. "Moja tu. Ya nyumbani."

Karani hakutafsiri hilo. Alitushika mabega wote wawili, akatutoa nje kama watu wanaotolewa msibani, na kundi lililofuata likaingia.

Tulikaa kwenye ukuta wa barabara. Nilikuwa nalia waziwazi, mtu mzima, gumba limefungwa kwa leso ya kaka. Yeye alikuwa anapumua kwa shida.

"Acha," alisema. "Ubeti wa kwanza si uliusikia?"

"Niliusikia."

"Basi wewe ndiye santuri. Usianguke tu, utavunjika."

Hata hapo alitania. Jumanne alipanda meli. Barua ilitufikia msimu wa mvua, ikaletwa na mwinjilisti. Walimzika huko huko.

Binti wa Buganguzi alikuja kulia matanga pamoja na shangazi zake. Baada ya kumwamkia mama, alinivuta pembeni akaniuliza jambo moja.

"Ile santuri iko wapi, shemeji?"

Nilimweleza. Nilimwambia hata habari ya buni ya baba yake, na nikajuta papo hapo, kwa sababu haikuwa kosa la buni. Alinisikiliza mpaka mwisho, akavuta kitenge chake juu ya kichwa, akarudi walipokaa wanawake.

Ukucha uliota. Ulipofika msimu wa kahawa uliofuata ulikuwa mzima, mnene kidogo kuliko awali, na una mstari katikati ambao haujafutika mpaka leo. Wimbo naujua wote, maneno na mipigo. Yaliyobaki kichwani mwangu ni maneno na mipigo tu. Sauti yenyewe, ile ya juu isiyokuwa nyembamba, nilikuwa naisikia kwa mwaka mmoja hivi, kisha siku moja nikaitafuta sikuipata. Nilikuwa santuri mbovu.

Kwa hiyo sikufundishi kucha ili uwe na kucha nzuri. Zitunze: samli au mafuta yoyote asubuhi, zifunike ukishika chokaa, majivu au utomvu wa ndizi, zisugue kuelekea upande mmoja. Lakini iko siku utaitwa ukiwa huna ukucha, na aliye karibu nawe hatakuwa na siku nyingine. Unaweza kujiandaa kwa siku hiyo, wala si kazi ngumu. Vidole vyako ni vizuri, nimeviona.

Leo, kabla hujalirudisha gitaa ukutani, sugua ukucha wa gumba mpaka usichungulie tena juu ya nyama. Laza mkono, sogeza gumba karibu na tundu la gitaa, sukuma uzi kwa ubavu wa nyama bila kuugonga, kisha piga wimbo wako mmoja wote, polepole, mara tatu.